Mshauri Aliyeanza na Ngazi: Tathmini ya Huduma ya Kupanga Kinga ya Moto na Bima Binafsi

Kwa muda wa miaka 3 sasa nimekuwa mteja wa huduma ya ushauri inayounganisha mambo mawili ambayo kwa kawaida hushughulikiwa na watu wasiofahamiana: maandalizi ya pamoja ya wakazi dhidi ya moto wa nyika, na ushauri wa bima kwa mtu binafsi na familia yake. Jina la huduma hiyo silitaji, kwa sababu sehemu ya ninayoyaeleza ni malalamiko, na kwa sababu ningependa msomaji anayetafuta mshauri wa aina hii, popote alipo, apate vipimo vya kumpimia huyo atakayemwita nyumbani kwake. Tathmini yangu kwa ufupi ni hii: kazi ya kuwaandaa wakazi kwa pamoja imefanywa kwa ustadi ambao sijaukuta kwingine, kazi ya bima ya nyumba ni nzuri, na kazi ya bima ya watu ilikuwa na pengo ambalo lingeweza kuiacha familia moja bila riziki kama jirani yetu mmoja asingeuliza swali kwa wakati.

Kabla ya kumfahamu mshauri huyu nilikuwa na bima ya moto kama walivyo nayo watu wengi. Niliikata mwaka niliohamia, nikaiweka hati kwenye bahasha, na wakala akawa ananipigia simu mara moja kwa mwaka kunikumbusha ada. Kwa miaka 11 kiasi kilichokatiwa bima hakikuguswa, ingawa bei za saruji, mbao na mabati pamoja na ujira wa mafundi havikutulia hata mwaka mmoja. Hakuna aliyewahi kuja kuitazama nyumba yenyewe. Kilichonifanya nitafute msaada ni moto ulioshuka usiku kwenye kilima kilicho nyuma yetu, ukazimika upepo ulipogeuka. Asubuhi yake majirani tulikutana barabarani, tukagundua kwamba kila mmoja alikuwa amempigia simu mtu wake, na kwamba usiku kucha hakuna aliyejua nani ameshaondoka na nani bado yumo ndani.

Mshauri alipofika hakuuliza hati ya bima iko wapi. Aliuliza ngazi iko wapi. Alipanda mpaka ukingoni mwa paa, akaingiza mkono kwenye gata, akatoa konzi ya majani makavu yaliyovunjika mkononi kama karatasi kuukuu, akashuka nayo na kuiweka mezani. Kisha alinipeleka upande wa nyuma akanionyesha tundu la hewa chini ya upenu, ambalo wavu wake ulikuwa umeoza kiasi cha kupitisha dole gumba, na nyuma ya tundu hilo ilikuwapo dari tulikokuwa tumehifadhi maboksi ya vitabu vya watoto. "Mama," aliniambia, "moto wa kilimani si lazima ufike hapa. Cheche ikipita kwenye tundu hili, nyumba itaanza kuungua juu yenu huku nyote mkiwa mmesimama uwanjani mnautazama ule wa kilimani."

Nilichukulia maneno hayo kama namna ya kunitisha ili ninunue bima, lakini baadaye nilithibitisha kwamba alikuwa anasema jambo linalojulikana vizuri na watu wa fani hiyo. Jack Cohen, mtafiti wa siku nyingi wa shirika la misitu la serikali ya Marekani, alionyesha kwamba nyumba nyingi hazichomwi na ule ukuta wa miali unaoonekana kwenye picha, bali na cheche zinazotangulizwa na upepo pamoja na mioto midogo inayotambaa ardhini mpaka kwenye kuta. Katika majaribio yaliyofanyika katika Majimbo ya Kaskazini-Magharibi ya Kanada, kuta za mbao zilisimamishwa mbele ya msitu uliowashwa makusudi: zilizokuwa mita 10 kutoka kwenye miti ziliwahi kushika moto, na zilizokuwa mita 20 hazikushika. Kwa hiyo eneo linaloamua hatima ya nyumba ni dogo kuliko tunavyodhani, na sehemu yake kubwa iko mikononi mwa mwenye nyumba. Mshauri alilipima kwa kamba mbele yangu. Mita moja na nusu ya kwanza kutoka ukutani haitakiwi kuwa na kitu chochote kinachoungua, iwe ni kuni, mkeka au maua yaliyokauka. Kuanzia hapo hadi kama mita 10 majani yawe mafupi na miti iachane. Na hadi mita 30, ardhi ikiruhusu, vichaka vipunguzwe ili moto ukose nguvu njiani. Matundu ya hewa yafunikwe kwa wavu wa chuma wenye vitundu visivyozidi milimita 3, au 2 kwa anayetaka kufuata kiwango cha Australia.

Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo, wakikusudia vijinga viwili vinavyopelekeana moto. Nimelikumbuka neno hilo mara nyingi tangu siku ile, kwa sababu nyumba moja ikiwaka inakuwa kijinga cha nyumba ya jirani, na hapo kipimo cha mita 30 kinavuka mpaka wa kiwanja. Kwangu mimi mita 30 za upande wa mashariki zinaishia katikati ya ua wa mzee mmoja mwenye mti mkubwa anaoupenda kuliko mali yake yote. Mshauri hakumwambia aukate. Alimweleza mzee huyo, kwa adabu ambayo ilinivutia, kisa cha Philadelphia: kampuni ya bima ya moto iliyoanzishwa huko mwaka 1752 kwa juhudi za Benjamin Franklin na wenzake iliamua mwaka 1781 kutozikatia bima nyumba zenye miti mbele yake, na waliokataa kuikata miti yao wakaunda kampuni yao mwaka 1784, wakachukua mti wa kijani kuwa nembo. Kisha mshauri na mzee wakakubaliana kwamba matawi ya chini yakatwe hadi urefu wa kichwa cha mtu na majani makavu yafagiliwe kila wiki ya kiangazi. Mti upo hadi leo.

Sehemu hii ya pamoja ndiyo iliyonifanya niiheshimu huduma hii. Ushauri wa kaya moja moja ungeweza kuishia kwenye gata na wavu, lakini mshauri alisisitiza kwamba hatakamilisha mpango wa nyumba yangu kabla ya kukutana na wakazi wote wa njia yetu, kaya 23, na hakututoza malipo ya ziada kwa mikutano hiyo. Katika mkutano wa kwanza alitundika ramani tupu ukutani na kumwomba kila mtu aandike jina la njia inayopita nyuma ya mashamba kuelekea barabara kuu. Yalipatikana majina matatu. Wengine waliiita kwa jina la mtu aliyewahi kuishi hapo, wengine kwa jina la daraja, na vijana waliiita kwa jina ambalo sisi wazee hatukuwahi kulisikia. Alituuliza dereva wa gari la zimamoto aliyetoka wilaya nyingine angeifikaje njia hiyo usiku, kwenye moshi, akielekezwa kwa majina matatu kupitia redio moja.

Hapo alitusimulia moto wa California wa mwaka 1970, ambao katika siku 13 uliua watu 16 na kuteketeza majengo zaidi ya 700. Wachunguzi waliotazama kazi ya vikosi walikuta kwamba tatizo kubwa halikuwa uhaba wa watu wala magari. Kila idara ilikuwa na masafa yake ya redio, msamiati wake na mkuu wake, na hakukuwa na mpangilio mmoja wa nani anamwamuru nani. Kutokana na funzo hilo ulibuniwa mfumo wa kuongoza matukio ya dharura ambao baadaye ulienea duniani: mkuu mmoja wa tukio, majukumu yenye majina yanayofahamika na wote, lugha ya kawaida redioni badala ya misimbo, na kanuni kwamba mtu mmoja asisimamie watu wengi kuliko anaoweza kuwafuatilia. Ni mfumo wa aina hii unaowezesha vikosi vya nchi tofauti kusaidiana. Mwaka 2000 wazima moto wa Australia na New Zealand walikwenda kufanya kazi Marekani, na mwaka 2023, Kanada ilipoungua kuliko mwaka wowote uliowahi kurekodiwa nchini humo, vikosi kutoka Afrika Kusini vilikuwa miongoni mwa waliofika kusaidia. Watu hao hawakuwa na muda wa kufundishana majina ya vitu katikati ya moshi.

Mpango wetu ulifuata msingi huohuo kwa kipimo chetu kidogo. Tuna mratibu mmoja na msaidizi wake, na imeandikwa wazi kwamba afisa wa zimamoto akifika, mratibu anamkabidhi ramani na orodha ya kaya kisha anakuwa chini yake. Tuna majina ya njia yaliyokubaliwa na kupakwa rangi kwenye mawe. Kila kaya inajua mambo manne ambayo mzima moto Paul Gleason aliyapendekeza mwaka 1991 kwa ajili ya usalama wa vikosi: nani analinda na kutazama, tunawasiliana vipi, tunatoka kwa njia zipi, na mahali salama ni wapi. Kwenye njia za kutokea mshauri alidai ziwe mbili kwa kila kaya, na kwa kaya mbili ambazo hazikuwa na njia ya pili aliandika kwamba ziondoke mapema kuliko wengine wote, wakati wa onyo la kwanza. Baadhi ya wanaume walitaka mpango wa kubaki na kupambana. Alikataa kuuandika, akitaja Jumamosi ya tarehe 7 Februari 2009 katika jimbo la Victoria, Australia, ambapo watu 173 walikufa, wengi wao wakiwa ndani ya nyumba. Alisema kwamba kuna siku ambazo upepo na ukame huzidi nguvu za nyumba yoyote iliyoandaliwa, na kwamba mpango mzuri lazima uwe na ukurasa wa siku hizo.

Jambo moja nililiona kwa macho yangu na sitalisahau. Tulikuwa na tangi la pamoja la maji, fahari ya mtaa, na wengi tuliliona kuwa ndilo kinga yetu kuu. Mshauri alimwomba afisa wa zimamoto alete koplingi, yaani kiungio cha mpira wa maji wa gari lake, akaishika kwa mikono miwili na kuisukuma kwenye shingo ya bomba la tangi. Haikuingia. Ilipishana kwa upana usiozidi wa kidole. Watu 40 tulikuwa tumesimama pale kimya, tukilitazama tangi lililojaa maji ambayo gari lile lisingeweza kuyachukua. Ni kosa la zamani: Februari 1904 vikosi vilivyokuja kuisaidia Baltimore kutoka miji mingine vilikuta mipira yao haiingiani na mabomba ya mji huo, na majengo zaidi ya 1,500 yakateketea; na mwaka 1991 katika vilima vya Oakland, California, ambako walikufa watu 25, tofauti ya vipimo vya koplingi iliwasumbua tena waliokuja kusaidia. Fundi wetu alitengeneza kiunganishi siku iliyofuata. Kifaa hicho kidogo kimetusaidia kuliko mkutano wowote.

Ziara ya tatu ndiyo ya hati. Mshauri aliisoma yote mbele yangu, akiwa na penseli, na alipofika kwenye kifungu cha uwiano alisimama na kunifanyia hesabu ambayo wakala wa kwanza hakuwahi kunifanyia. Tuseme kuijenga nyumba upya kunahitaji sehemu 100, na hati imekatiwa bima ya sehemu 60. Moto unateketeza sehemu 50. Mimi nilidhani kampuni italipa 50 zote, kwa kuwa 50 ni pungufu ya 60. Kwa kifungu kile kampuni inalipa 30 tu, kwa sababu aliyekatia bima asilimia 60 ya thamani anahesabiwa kuwa amejibebea mwenyewe asilimia 40 ya kila hasara, hata ile ndogo. Nyumba yangu, kwa kiasi kisichoguswa kwa miaka 11, ilikuwa imekaribia kabisa hali hiyo.

Alipigia mstari mambo mengine ambayo ningeyapita bila kuyaona. Hati ilisema vitu vya ndani vitalipwa kwa thamani baada ya kutoa uchakavu, maana yake jokofu la miaka 9 lingelipwa kwa bei ya jokofu la miaka 9. Haikusema lolote kuhusu gharama za kuondoa kifusi, wala kuhusu kodi ya mahali pa kuishi wakati nyumba inajengwa. Thamani ya kiwanja ilikuwa imechanganywa na thamani ya jengo, ilhali ardhi haiungui. Alinieleza pia kwamba baada ya moto mkubwa gharama za ujenzi hupanda kwa sababu watu wote wanawatafuta mafundi walewale kwa wakati mmoja. Moto ulioanza tarehe 8 Novemba 2018 na kuuteketeza mji wa Paradise huko California uliua watu 85 na kuharibu majengo zaidi ya 18,000, na anayekata bima kwa hesabu ya ujenzi wa siku ya kawaida anakuta fedha haitoshi siku kama hizo. Na alinitahadharisha nisingoje moshi ndipo nirekebishe hati, kwa kuwa kampuni nyingi husimamisha kutoa au kuongeza bima mara tu moto unapokuwa karibu.

Swali ambalo sikulitarajia lilikuwa kuhusu kampuni yenyewe: je, ina bima mtawanyo ya kutosha, yaani bima ambayo kampuni ya bima nayo hujikatia kwa kampuni nyingine? Baada ya moto wa Paradise kampuni moja ndogo ya bima ilifilisika kwa sababu wateja wake wengi mno walikuwa sehemu moja. Hatari hii imefahamika tangu karne ya 19. Moto uliouteketeza mji wa Glarus nchini Uswisi Mei 1861 ulionyesha kwamba kampuni za hapo hazikuwa na akiba ya kubeba hasara kama hiyo, na miaka miwili baadaye ikaanzishwa Swiss Re ili kampuni za bima nazo ziwe na pa kuegemea. Mshauri alinionyesha taarifa ya mwaka ya kampuni yangu na mahali pa kulitafuta jibu. Ilikuwa mara ya kwanza kwangu kuelewa kwamba mimi na majirani zangu, tulioandikishwa wote na wakala yuleyule katika kampuni ileile, tulikuwa tumeweka mayai yote kwenye kapu moja lililo njiani mwa moto mmoja.

Sasa nifike kwenye pengo nililolitaja mwanzoni, kwa kuwa ndilo kosa kubwa la huduma hii. Katika mpango wa mtaa kuna kikosi cha watu 8 wa kujitolea ambao, kabla zimamoto hawajafika na ikiwa tu moto ni mdogo, husafisha mkanda wa kuzuia moto, yaani ukanda wa ardhi usioachwa na kitu cha kuungua, ulio nyuma ya mashamba. Mshauri ndiye aliyeipanga orodha hiyo. Mshauri huyohuyo, miezi minne kabla, alikuwa amemuuzia fundi umeme mmoja wa kikosi hicho bima ya ajali na ya kipato. Siku ya mazoezi fundi huyo aliuliza, bila ubishi wowote, kama akiumia kwenye mkanda bima yake itamlipa. Hati ilifunguliwa palepale. Miongoni mwa mambo yasiyokingwa lilikuwapo neno "uzimaji wa moto wa aina yoyote, kwa malipo au kwa kujitolea".

Ninamsifu mshauri kwa kutotafuta kisingizio. Alikiri mbele ya watu wote kwamba hakuziweka karatasi mbili hizo pamoja, akasimamisha mazoezi ya mkanda, na ndani ya wiki tatu akaleta bima ya ajali ya kikundi inayowataja wanakikosi kwa majina na shughuli yao kwa maneno ya wazi. Hata hivyo siwezi kuliita kosa dogo. Huduma hii inajitangaza kwa kusema kwamba inaunganisha kinga ya jamii na bima ya mtu binafsi, na mahali pekee ambapo mambo hayo mawili yanakutana katika mwili wa mtu mmoja, pale baba wa watoto watatu anaposhika reki na kuingia kwenye moshi kwa ajili ya nyumba za wenzake, ndipo hakuna aliyekuwa ameangalia. Yeyote anayejitolea katika kikosi cha aina hii, pahali popote, asome orodha ya mambo yasiyokingwa katika bima yake ya maisha, ya ajali na ya kipato, na apate jibu la maandishi.

Kwa upande mwingine wa bima ya watu, ushauri ulikuwa wa kuridhisha bila kuwa wa kipekee. Alinieleza ipasavyo kwamba familia nyingi hujali kifo na kusahau ulemavu wa muda mrefu, ambao huondoa kipato huku ukiongeza matumizi. Aligundua kwamba mnufaika katika bima yangu ya maisha alikuwa marehemu kaka yangu, na tukarekebisha. Nakala za hati, vyeti na wosia sasa ziko mahali pawili nje ya nyumba, na nimepiga video ya kila chumba, nikifungua makabati na kusoma namba za vifaa kwa sauti. Wapangaji wa mtaa wetu, lakini, hawakupewa muda wa kutosha. Waliambiwa kwa dakika chache kwamba bima ya mwenye nyumba haikingi samani zao, wakaachwa hapo.

Lipo pia suala la malipo. Nilimlipa ada ya ushauri, na kwa hiyo nilidhani hapati kitu kingine. Ni mwaka wa pili nilipomuuliza moja kwa moja ndipo aliponiambia kwamba hupokea kamisheni kutoka kwa kampuni mbili kati ya tano anazozipendekeza. Sioni dalili kwamba jambo hilo lilipotosha ushauri wake kwangu, kwa sababu hati niliyoichukua ni ya kampuni isiyompa kamisheni. Lakini mteja hapaswi kuuliza ndipo aambiwe. Tamko la maandishi linalosema mshauri analipwa na nani linatakiwa kuwa ukurasa wa kwanza, kabla ya ngazi na kabla ya penseli. Ripoti yenyewe ilichelewa wiki 6, na tathmini ya mwaka wa pili ilifanywa kwa simu, jambo ambalo haliingii akilini kwa huduma iliyojijengea sifa kwa kupanda juu ya paa.

Mwaka huu moto ulirudi kwenye kilima. Onyo lilitolewa saa 9 alasiri, na kufikia saa 10 na nusu mratibu alikuwa na alama mbele ya kaya zote 23. Gari la zimamoto lilichukua maji kwenye tangi letu mara tatu. Kikosi cha mkanda hakikuitwa, kwa kuwa upepo ulizidi kiwango kilichoandikwa katika mpango, na hakuna aliyebishana. Cheche ziliunguza uzio wangu wa mbao na kibanda cha zana cha jirani. Chini ya upenu, siku iliyofuata, nilikuta punje nyeusi za makaa zimelala nje ya wavu mpya, kama kumi hivi, baridi. Madai yangu yalilipwa baada ya wiki 7. Moshi uliochafua vyumba ulilipwa bila swali, na uzio ulilipwa kwa sababu tu mshauri alikuwa amehakikisha unatajwa kwenye hati kama sehemu ya mali iliyokingwa. Jirani ambaye kibanda chake hakikutajwa hakulipwa chochote.

Kwa mwenye nyumba iliyo kwenye ukingo wa nyika au msitu, na ambaye majirani zake wako tayari kukutana, ninaipendekeza huduma ya namna hii bila kusita. Anayehitaji bima ya maisha tu atapata msaada wa kiwango hichohicho kwa mtu wa gharama ndogo zaidi. Mkataba wangu unamalizika mwisho wa kiangazi hiki, nami nimemwandikia kwamba nitauhuisha kwa masharti mawili: kwamba tamko la kamisheni liambatanishwe na kila pendekezo, na kwamba kila mwaka orodha ya kikosi cha kujitolea ikaguliwe pamoja na hati za bima za wote waliomo, jina kwa jina. Jibu lake limefika juzi. La pili amelikubali na ameomba nakala za hati zote 8. La kwanza ameomba tulizungumze atakapokuja kukagua paa.